Mfanyabiashara wa mpakani naye apange kung'atuka

Neno kustaafu limekaa kiofisi katika nchi zote za Afrika Mashariki. Linakuja na barua, tarehe, hafla ya kuagana na kiinua mgongo. Mwalimu analijua, askari analijua, karani wa forodha analijua. Yule anayesimama upande wa pili wa dirisha la karani huyo, mwenye magunia matatu ya maharage au furushi la vitenge, anaona halimhusu. Hana mwajiri wa kumwandikia barua. Anaacha kazi siku mgongo unapokataa, au siku mtaji unapokatika, na mara nyingi mambo hayo mawili hufika pamoja.

Ndiyo maana ushauri wa fedha unaotolewa kwa waajiriwa humpita pembeni. Ushauri huo huanza na umri: mshahara utakoma ukifika miaka kadhaa, je, umeweka kiasi gani? Lakini umri wenyewe umepangwa na watu. Ujerumani ya Bismarck ilipotunga sheria ya pensheni mwaka 1889 iliweka miaka 70, na mwaka 1916 ikashusha hadi 65. Nchini Tanzania mwanachama wa NSSF anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Uganda umri wa kawaida wa kuchukua mafao ni 55. Namba hizo ziliwekwa kwa ajili ya watu wenye mishahara. Kwa anayeishi kwa kuvuka mpaka, hesabu inafaa ianzie mahali pengine: anataka kuishi vipi, wapi, na nani, na ni kazi gani katika biashara yake ambayo mwili hautaiweza tena baada ya miaka kumi.

Jambo la kwanza ambalo maisha yake yenyewe yanamfundisha ni kwamba kipato hakikomi mara moja uzeeni. Kinakoma mara nyingi, na bila taarifa. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Katikati ya miaka hiyo mitatu ikaja korona, iliyoruhusu malori ya mizigo na kuzuia watu, kana kwamba biashara ndogo haina miguu. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Kila mara waliokuwa wanavuka kila siku walistaafishwa usiku mmoja, wengine wakiwa na miaka 28. Ongeza uzazi, ugonjwa wa mtoto, msiba wa mzazi, shehena iliyokamatwa kwa kukosa karatasi. Mtu anayepanga fedha kwa ajili ya uzee pekee atakuta akiba yake imeshaliwa na vituo hivi vya njiani kabla uzee haujafika.

Kwa hiyo akiba ya mfanyabiashara wa mpakani inahitaji angalau mafungu mawili yasiyochanganywa, la kusimama kwa muda na la kusimama moja kwa moja. La kwanza ni chakula, kodi ya nyumba na karo za miezi mitatu au minne, likae mahali linapoweza kutolewa kwa siku moja. La pili lisiguswe hata biashara ikiyumba. Wengi leo wana fungu moja tu, nalo linaitwa mtaji. Mtaji huohuo ndio unaolipa hospitali, ndio unaochangia harusi, ndio unaorudi Busia au Namanga Jumatatu ukiwa umepungua. Mfanyabiashara ambaye hajilipi posho inayojulikana, hata ndogo, hawezi kusema kama biashara yake inaingiza faida au yeye anaila polepole.

Itasemwa kwamba watu wa mpakani wanaweka akiba, na ni kweli. Vikoba vya Tanzania, chama cha Kenya, ibimina vya Rwanda na likelemba ya Kongo vimewasomesha watoto wengi kuliko benki yoyote. Nguvu yake ni kwamba wanachama wanajuana na aibu hufanya kazi ya dhamana. Udhaifu wake uko kwenye kalenda. Kikoba huvunjwa mwisho wa mwaka, kila mtu anachukua chake, na kufikia Februari hakuna kilichobaki isipokuwa sofa mpya. Kikundi kinachovunja akiba kila Desemba hakiwezi kumbeba mtu hadi miaka 70. Hakuna haja ya kukiua. Kinaweza kukubaliana kwamba sehemu ya gawio, tuseme moja ya tano, haitoki mkononi mwa katibu kwenda mikononi mwa wanachama, inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya pensheni ya kila mwanachama. Aibu ileile inayolinda marejesho italinda na uzee.

Akaunti hizo sasa zipo, jambo ambalo miaka ishirini iliyopita halikuwepo. Kenya ilianzisha Mbao mwaka 2011 kwa watu wa jua kali, kwa shilingi 20 kwa siku, na NSSF ya nchi hiyo ina mpango wa Haba Haba wa shilingi 25 kwa siku, unaomruhusu mwanachama kutoa nusu baada ya miaka mitano. Rwanda ilizindua EjoHeza Desemba 2018, mchango unatumwa kwa simu, na hata mgeni anayeishi nchini humo anaweza kujiunga. Uganda ilirekebisha sheria mwaka 2022, ikapanua uchangiaji wa hiari na kumruhusu mwanachama mwenye miaka 45 aliyechangia miaka kumi kuchukua asilimia 20 kabla ya wakati. Tanzania nayo imewafungulia mlango waliojiajiri.

Ila hesabu ifanywe bila kudanganyana. Shilingi 25 za Kenya kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni 650 kwa mwezi na 7,800 kwa mwaka. Miaka 15 ya uaminifu bila kukosa inatoa 117,000, ukiacha riba. Sasa chukua posho ambayo serikali ya Kenya inawapa wazee wa miaka 70 na zaidi kupitia Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakuna anayedai kinatosha. Akiba ile ya miaka 15 ingelipa posho hiyo kwa chini ya miaka mitano. Mipango ya senti ndogo ni mlango mzuri wa kuingilia, na matangazo ya mifuko yanapenda kuishia mlangoni. Mfanyabiashara ana msimu. Kuna miezi ambapo gunia linapanda bei mara mbili, na kuna miezi ya kukaa. Anayetoa asilimia ya kila mzigo uliouzika, nyingi wakati wa neema na kidogo wakati wa ukata, atafika mbali kuliko anayetoa sarafu moja kila siku na kusahau.

Wengi hujibu kwamba pensheni yao ni nyumba. Jibu hilo lina hekima. Vyumba vinne vya kupangisha karibu na kituo cha mpakani vinalipa kila mwezi, na bei haipotei thamani kama noti zilizofichwa ndani ya godoro. Lakini nyumba ya mtu wa mpakani ina mitego yake. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mgeni kupangishwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 1, 2010 yenyewe iliacha suala la ardhi kwenye sheria za kila nchi. Matokeo yake ni viwanja vilivyonunuliwa kwa fedha ya mtu mmoja na kuandikwa kwa jina la rafiki, shemeji au mwenye nyumba wa upande wa pili. Rafiki akifa, watoto wake hawajui mapatano ya chai. Na hata upande wa nyumbani, ni wanawake wangapi wamejenga kwa faida ya vitunguu juu ya kiwanja cha ukoo wa mume, kisha wakatolewa kabla arobaini haijaisha? Hati yenye jina la aliyelipa ni sehemu ya mpango wa uzee kuliko saruji.

Lipo na neno jingine ambalo Kiswahili kilipata kutoka Kizanaki, kupitia kinywa cha Mwalimu Julius Nyerere: kung'atuka. Aliachia urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, akarudi Butiama kulima, akaendelea kuongoza chama chake hadi 1990, na hadi alipofariki Oktoba 1999 alikuwa msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi. Aliacha kiti, hakuacha kazi. Mfanyabiashara wa mpakani anaweza asiwe na kiti, lakini ana kitu ambacho hakiandikwi kwenye daftari: anajulikana. Mwenye ghala wa Mutukula anamkopesha mali kauli kwa sauti ya simu tu. Dereva wa Malaba anambebea mzigo kwanza, analipwa baadaye. Anajua ni mwezi gani ndizi za Uganda zinashuka na ni nani Goma anayelipa kwa wakati.

Jina hilo ni mali, na kama mali nyingine linaweza kurithishwa au kupotea. Akiacha siku moja kwa kiharusi, linapotea. Akianza mapema, akiwa bado na nguvu, kumpeleka binti au mpwa kwa wale wanaomwamini, kumwachia njia moja, kisha nyingine, anaweza kufikia hatua ya kukaa nyumbani na kupokea sehemu ya faida kwa kazi ya kupiga simu na kutoa dhamana. Mapatano hayo yaandikwe. Asilimia ngapi, kwa muda gani, nani anabeba hasara. Familia nyingi huona haya kuandikiana, na haya hiyo imevunja biashara nyingi kuliko ushuru.

Serikali na Jumuiya zina deni lao. Mfanyabiashara anayesita kupeleka fedha kwenye mfuko ana kumbukumbu nzuri tu. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege waliachwa na mafao yao yakielea. Makubaliano ya kugawana mali yalisainiwa mwaka 1984, na miaka zaidi ya ishirini baadaye wazee wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado wanaonekana mahakamani na barabarani Dar es Salaam wakidai. Hao walikuwa waajiriwa, wenye barua na namba. Mchuuzi wa leo anauliza nani atamlipa yeye, mwenye stakabadhi ya simu kutoka nchi ambayo si yake.

Kwa maandishi, jibu lipo. Ibara ya 13 ya Itifaki ya Soko la Pamoja inampa aliyejiajiri katika nchi nyingine mwanachama haki ya kujiunga na mfuko wa hifadhi ya jamii wa nchi hiyo, kwa kufuata sheria zake. Kinachokosekana ni njia ya kuitumia haki hiyo kwa mtu ambaye asubuhi yuko nchi moja na jioni yuko nyingine. Anachangia wapi? Akichangia miaka saba huku na minane kule, ni nani atakayeijumlisha ikafika 15? Nchini Tanzania pensheni ya kila mwezi inadai michango 180. Miaka saba peke yake haifiki nusu.

Jumuiya imewahi kutatua tatizo la aina hii. Ilipoona mama mwenye bidhaa chache hawezi kujaza nyaraka za kampuni kubwa, ilileta cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kinachotolewa palepale mpakani. Kama bizari na mahindi vilipata karatasi nyepesi, michango ya uzee ya anayevibeba inaweza kupata yake: namba moja ya uanachama inayotambulika na mifuko yote, mchango unaopokelewa kwa simu ya nchi yoyote, na taarifa ya akiba kwa Kiswahili.

Hayo yanahitaji mawaziri kukaa mezani, na meza za Jumuiya zina tabia ya kuchelewa. Lipo dogo linaloweza kuanza bila mkutano. Vituo vya pamoja vya mpakani vina dirisha la forodha, la uhamiaji, la afya na la viwango. Kila mfuko wa taifa uweke afisa mmoja mwenye meza katika jengo hilo, siku za soko, awaandikishe wenye foleni wakati wanasubiri mzigo wao ukaguliwe. Bajeti za nchi hizi husomwa Juni. Mishahara ya maafisa hao haizidi bei ya gari moja la ofisi, na magari hayo hununuliwa kila mwaka.