Mnamhurumia Nani kwa Hizo Taa?

Dereva anayetoka mbele yako akikupiga taa mara mbili, ujumbe umefika: trafiki wamekaa na tochi, ile rada ya kupimia mwendo. Unakanyaga breki, unapita mbele ya askari kwa adabu zote, na ukishamaliza kona unafidia dakika zako. Tumekubaliana kuuita huu utu wa barabarani. Asiyepiga taa ana roho mbaya. Basi mimi ninayo, na sioni haya.

Kwingine kazi hii imepewa mashine. Ni kidude cha kuweka karibu na kioo cha mbele, kinachonasa mawimbi ya rada ya polisi na kulia mapema. Kinawahi kwa sababu wimbi linapokifikia bado lina nguvu, ilhali linalomrudia askari limeshadhoofika. Ufaransa ukikutwa nacho, faini inaweza kufika euro 1,500, unapoteza pointi 6 za leseni na kidude kinachukuliwa. Marekani, majimbo mengi hayana shida nacho kwenye gari dogo. Virginia inakikataza, na malori ya biashara yanayovuka majimbo hayaruhusiwi kuwa nacho popote. Kichekesho ni kwamba vingi vya vidude hivyo huvujisha mawimbi yake vyenyewe, na polisi wana chombo cha kuyanasa. Mnusaji ananuswa.

Utetezi wa wanaokamatwa ni uleule wa wapiga taa wetu: kinanikumbusha kupunguza mwendo. Kikukumbushe nini? Kibao kipo barabarani, kipimo cha mwendo kipo mbele ya usukani. Jambo pekee ambalo kidude kinakwambia, na ambalo kibao hakikwambii, ni mahali utakapoadhibiwa. Maana yake ni kwamba kwingine kote uko huru kukimbia. Taa mbili za barabarani kwetu hazisemi zaidi ya hapo.

Na kile kibao cha kilomita 50 kwa saa hakikuwekwa pale kwa ajili ya trafiki. Kipo kwa sababu kuna watoto wa shule wanaovuka na mama anayekimbilia basi na beseni la mahindi. Gari linalokwenda 80 linahitaji umbali wa zaidi ya mara mbili na nusu kusimama, tangu breki zishike, kuliko la 50. Shirika la Afya Duniani linasema mtembea kwa miguu akigongwa kwa kilomita 65 kwa saa badala ya 50, hatari ya kufa inaongezeka mara nne na nusu. Kilomita 15 tu, ambazo dereva wetu haoni hata kama amekimbia!

Halafu, unampigia taa nani? Humjui. Anaweza kuwa mlevi, au dereva wa basi anayeshindana na mwenzake huku abiria wakimshangilia kuwa huyu ni kichwa. Ajali ikitokea, abiria walewale watauliza trafiki walikuwa wapi. Walikuwepo. Ninyi ndio mliwatangaza.

Najua jibu linalokuja: trafiki wanajificha vichakani kutafuta hela. Wapo, na faini ya shilingi 30,000 inayogeuka 10,000 isiyo na risiti ni wizi. Lakini dereva aliyeona kibao akashuka mpaka 50 hana cha kujadiliana na askari yeyote, mwema au mla rushwa. Dai risiti, dai namba ya malipo, mripoti. Kumficha mkimbiaji hakumkomeshi mla rushwa. Na kwenye mabasi hata huko kumficha kunaisha: kifaa cha LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, cha kufuatilia mwendo hakijali nani kapigiwa taa, ndiyo maana wapo madereva waliokimbilia kukichezea.

Ninawakubalia jambo moja. Kuna vibao vya 50 vinavyokaa kwenye pori tupu, hakuna shule wala soko, na dereva anatambaa kilomita kadhaa bila kumwona mtu. Hivyo vinamfundisha dereva kuvidharau vyote, hata kile cha mlangoni mwa shule. Vitajeni, andikieni TANROADS, wakala wa barabara, viondolewe au visogezwe mahali panapostahili, na barua hiyo nami nitaitia saini.