Tahadhari: Mahindi Yenye Kuvu Yasivuke Mlango wa Jikoni

Ukiona punje za mahindi zina ukungu wa kijani au wa njano, usizile, usizisage, usiwape kuku wala ng'ombe. Mavuno yameanza kushuka miteremko ya Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, na malori yanashusha magunia sokoni Kilombero. Kuvu huacha sumu inayoua ini. Haina harufu wala ladha, na moto wa kusongea ugali hauimalizi.

Sumukuvu hii si hadithi ya mbali. Mwaka 2016 iliingia kwenye nyumba za wakulima wa Dodoma na Manyara, majirani zetu wa mlango kwa mlango. Watu walianza kutapika, matumbo yakajaa, macho yakageuka manjano. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, na 20 kati yao walifariki. Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, waliugua 317 wakafa 125, na chanzo kilikuwa mahindi ya shambani kwao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi.

Hayo ndiyo maafa yanayoonekana. Mengine huja kimya kimya: kula sumu kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari huongezeka mara nyingi zaidi, kwa kuwa virusi na sumu hushambulia ini moja kwa pamoja.

Wapo wanaojipa moyo kwamba siku hizi viungo vinapandikizwa. Ni kweli, Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, ile ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Ini ni habari nyingine. Figo zikigoma, mashine husafisha damu mgonjwa akaishi miaka; ini likigoma, hakuna mashine ya kushika nafasi yake kwa muda huo. Wagonjwa wetu wanaopata ini jipya wengi hulifuata India, wakiwa na ndugu aliye tayari kukatwa kipande cha lake, na kurudi na dawa za kumeza maisha yote. Hata kwenye utafiti mpya kabisa bado ni mwanzo. Mwaka 2024 madaktari wa Anhui, China, walimpandikiza mzee wa miaka 71 ini la nguruwe aliyebadilishwa vinasaba. Lilitolewa baada ya siku 38, na mzee alifariki siku ya 171. Ni hatua kubwa ya sayansi, lakini haimsaidii anayeugua leo Tengeru.

Kinga ipo mikononi mwetu, na inaanzia shambani. Usianike mahindi juu ya udongo mtupu. Tandika turubai, na mvua ikinyesha yafunike. Usipukuchue kwa kupiga gunia kwa fimbo, maana punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu. Kabla ya kuhifadhi, pima ukavu: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza kijiko kikubwa cha chumvi kavu, funga, tikisa, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Yakikauka, yatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, nayo ipange juu ya mbao, mbali na ukuta.

Anayenunua debe achambue kabla ya kwenda mashineni: atoe punje zilizovunjika, zilizotobolewa na dumuzi, zilizobadilika rangi. Kukoboa hupunguza sumu kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, lakini pumba za mahindi mabovu zisiende kwa ng'ombe. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, nawe utakuta bakuli moja la loshoro lina sumu ya mahindi na ya mtindi. Vivyo hivyo, kuyapikia pombe mahindi yaliyooza ni kuwanywesha wateja sumu.

Wafanyabiashara wanaochanganya mahindi mabovu na mazuri ili gunia lijae wakumbuke Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu na biashara ikakwama Namanga. Zuio lilipoondolewa, sharti likawa cheti kinachothibitisha kwamba sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mlaji wa Arusha anastahili kipimo hicho hicho.

Mtu nyumbani akigeuka macho manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, akatapika au tumbo likavimba, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usianze na mizizi, usimpe pombe, usimjazie vidonge vya maumivu. Beba kopo la mahindi au unga aliokula ukapimwe, na wengine nyumbani waache kuula mara moja.

Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002. Uliyezaliwa kabla ya hapo, nenda ukapime. Kama huna virusi, omba chanjo na umalize dozi zote tatu. Mahindi yaliyoota kuvu yafukie shimoni leo, kabla hajatokea wa kusema yanafaa kwa kuku.