Mpe Binti Jina, Umpe na Kisa Chake

Mtoto wa kike anapokaribia kuzaliwa, wazazi wengi siku hizi hupekua orodha za majina na maana zake. Wanataka lenye maana ya nuru, au neema, au malkia, na wakishalipata hujiona wamemaliza kazi. Nia yao ni njema, wala sina la kuilaumu. Lakini kwa majina yaliyotoka katika maandiko matakatifu, yawe ya Biblia au ya mapokeo ya Kiislamu, njia hiyo inampunja mtoto. Majina hayo hayakutufikia kwa uzuri wa maana zake. Yametufikia kwa sababu ya wanawake walioyabeba, na mzazi anayempa bintiye jina pasipo habari za mwenye jina amempa ganda, kiini amekiacha.

Ushahidi uko wazi kwa anayetaka kuutazama. Khadija, ambalo wengi wetu hulitamka Hadija, kwa Kiarabu limetokana na kuzaliwa kabla ya siku kutimia. Nani angelichagua kwa maana hiyo? Limependwa kwa zaidi ya miaka 1,400 kwa kuwa lilikuwa la mfanyabiashara wa Makka, mwenye mali yake na misafara yake, aliyempa Muhammad bidhaa azipeleke Shamu, akaridhika na uaminifu wake, akaanzisha yeye mwenyewe habari ya posa, na wahyi uliposhuka akawa wa kwanza kumwamini. Fatuma nalo lina asili ya kumwachisha mtoto ziwa. Katika Biblia ni vivyo hivyo: Raheli ni kondoo jike, Debora ni nyuki, Tabitha ni paa. Mwambie binti wa darasa la nne kwamba jina lake maana yake nyuki, na wenzake watamtania hadi mwisho wa muhula. Mwambie badala yake kwamba Debora alikuwa mwamuzi wa Israeli, akiketi chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, watu wakimpandia awaamulie mashauri yao, na kwamba jemadari Baraka alikataa kwenda vitani asipofuatana naye. Tabitha naye aliishi Yafa, na alipofariki wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Mtoto atakayesikia habari ya nguo hizo hatauliza tena kuhusu paa.

Kuna majina ambayo maana yake hata wataalamu hawajaafikiana. Mariamu ni mojawapo. Wengine husema ni uchungu, wengine uasi, na wapo wanaolitafuta katika Kimisri cha kale wakapata mpendwa. Hata hivyo ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake ndani ya Kurani, na sura ya 19, yenye aya 98, inaitwa kwa jina lake. Hawa, Sara, Hajiri, mke wa Firauni tunayemwita Asia, malkia wa Saba tunayemwita Bilkisi, na Zulekha wa kisa cha Yusufu, wote Kurani haiwataji kwa majina. Waislamu wameyapata majina yao katika hadithi, katika tafsiri na katika mapokeo. Kwa hiyo msomaji wa Kurani hukutana kwanza na kisa cha Asia, kisha ndipo ajifunze kwamba aliitwa hivyo.

Atainuka mtu aseme kwamba Mtume mwenyewe aliangalia maana, akabadili majina mabaya. Ni kweli. Alikuwapo mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani muasi, akamwita Jamila. (Maandishi yetu yanatuponza hapa, maana cheti cha kuzaliwa hakionyeshi tofauti ya jina hilo na lile la mke wa Firauni, ingawa kwa Kiarabu hata herufi si zile zile.) Lakini alikuwapo pia aliyeitwa Barra, yaani mwema, na jina hilo nalo akalibadili kuwa Zainabu, asije mtu akajisifia utakatifu. Basi maana huangaliwa ili jina lisimdhuru mtoto wala lisimtie majivuno. Hiyo ni tahadhari, nayo ni ya lazima. Haitoshi kuwa malezi.

Wengine watasema visa vyenyewe si vyote vya kusimulia. Hilo ndilo linalonipa nguvu zaidi. Safira lina maana ya uzuri na hutamkika vyema, na mwenye orodha atalichagua bila kujua kwamba Safira wa Matendo ya Mitume alishirikiana na mumewe Anania kusema uongo juu ya bei ya kiwanja. Asiyesoma kisa hawezi kuepuka jina kama hilo, wala hawezi kulichagua kwa kukusudia. Ila tusikimbie kila kisa chenye machozi. Hajiri alikuwa mjakazi, akaachwa jangwani na mtoto mwenye kiu, akakimbia mara 7 kati ya Safa na Marwa akitafuta maji. Mahujaji wanaume kwa wanawake, matajiri kwa maskini, hufuata nyayo zake hadi leo. Kwa wanaosema kwao mtoto hurithi jina la bibi, sina ubishi nao. Bibi naye alipewa jina na mtu, na binti ana haki ya visa vyote viwili.

Nafasi ya kusimulia tunayo tayari. Siku ya akika au ya ubatizo ukoo umekusanyika, na aghalabu jina hutajwa mara moja kisha watu wakageukia pilau. Baba asimame, hata kwa dakika 5, aeleze Hajiri alikuwa nani au Debora alifanya nini, kisha arudie tena binti atakapofika umri wa kuuliza maswali. Na akiulizwa kwa nini Hajiri aliachwa peke yake jangwani, asimnyamazishe mtoto.