Bango si Chuo

Ukipanda matatu asubuhi pale Dagoretti Corner ukielekea mjini, utasoma mabango ya vyuo vikuu hadi shingo ikuume. Kila bango lina kijana aliyevaa joho, meno yote nje. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisemi kila chuo chenye bango ni kibaya, la hasha! Ninachosema ni kwamba bango si chuo. Chuo ni maktaba, maabara, madarasa, kompyuta zinazofanya kazi na mahali pa kuketi mtu akasoma bila kusukumwa. Na sisi wa Kibera na Kawangware ndio tunaopaswa kuuliza habari za vitu hivyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Vyuo vikuu vya kibinafsi si vitu vya mbali kwetu. Chuo Kikuu cha Strathmore kiko Madaraka, mwendo wa miguu tu kutoka Laini Saba. Kilianza mwaka 1961 kama chuo cha kidato cha tano na cha sita, kikapata hati ya chuo kikuu mwaka 2008. Riara iko Mbagathi Way, jirani kabisa na Kibera. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kilichopata hati mwaka 1992, kiko upande wa Lang'ata, na Daystar, cha mwaka 1994, kina kampasi Valley Road. Hati hiyo haitolewi kama peremende. Sheria inataka wakaguzi waangalie ardhi, majengo, vitabu, maabara, wahadhiri na fedha. Kazi hiyo ilikuwa ya Tume ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1985, na tangu sheria ya mwaka 2012 ni ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Basi hata sheria inakubali kwamba vifaa si mapambo.

Sasa tuje mtaani. Chukua kijana wa Gatwekera, au msichana wa Gatina kule Kawangware, aliyefaulu mtihani wa kidato cha nne. Anaishi na wazazi na ndugu zake wanne katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Meza ni moja, na usiku meza hiyo inawekwa sufuria. Redio ya jirani inasikika kama iko chini ya kitanda chako. Stima nayo ikipotea, imepotea. Mwenzake wa Lavington, umbali wa kuvuka barabara kutoka Kawangware, ana chumba chake, kompyuta yake na intaneti isiyokatika. Wote wawili wanaingia chuo kimoja, wanalipa karo moja na kufanya mtihani mmoja.

Chuo kikiwa na maktaba nzuri inayofungwa usiku, hawa wawili wanaweza kushindana. Chuo kikiwa ni orofa mbili za kukodi juu ya duka la viatu, bila maktaba ya maana, je, ni nani atakayeumia? Yule wa Lavington ataenda nyumbani kusoma. Wa Gatwekera ataenda nyumbani kulala, tena akibahatika. Watu wengi wanadhani vifaa vya chuo ni starehe za watoto wa matajiri. Mimi naona ni kinyume. Tajiri anaweza kuishi bila maktaba ya chuo; maskini hana nyingine ya kukimbilia.

Anayebisha na akumbuke Machi 2020, korona ilipofunga shule na vyuo. Vyuo kadha vya kibinafsi vilihamishia masomo kwenye intaneti haraka sana, na tukavisifu. Lakini mwanafunzi wa mtaani alikuwa akinunua bando kwa pesa za unga na kumsikiliza mhadhiri huku mtoto akilia kando yake. Wahadhiri hawakubadilika, wala vitabu vya kozi. Kilichoondolewa ni jengo, meza na mtandao wa chuo, na papo hapo tukaona nani alikuwa akivitegemea.

Kuna jambo lingine: pesa. Chuo cha kibinafsi kinakula karo. Wanafunzi wakipungua, vitabu havinunuliwi na mashine za maabara hazitengenezwi. Matokeo yakishuka, wanafunzi wanapungua tena, na gurudumu linazidi kuteremka. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya laki moja na nusu walipata C+ na zaidi katika KCSE. Mwaka 2016 walikuwa 88,929 tu. Vyuo vikaanza kugombania wanafunzi kama makanga kwenye stejini. Mwaka huohuo wa 2016 serikali ilianza kuwapeleka wanafunzi wake katika vyuo vya kibinafsi, lakini mpango mpya wa mwaka 2023 ukawaelekeza wanaofadhiliwa katika vyuo vya umma. Kwa hivyo mzigo umerudi kwa mzazi. Kama ni mama yako anayeuza mboga ndiye analipa, si ni haki ajue analipia nini?

Najua kuna watakaosema, "Majengo hayafundishi. Bidii ndiyo kila kitu. Mbona kuna watu waliosomea chini ya mti wakawa maprofesa?" Ni kweli bidii haina badala. Lakini bidii haitengenezi darubini, na hakuna anayejifunza umeme kwa kuchorewa waya ubaoni. Usione vyaelea, vimeundwa. Yule profesa wa chini ya mti, ukimfuatilia vizuri, utakuta mahali fulani alifunguliwa mlango wa maktaba.

Basi nina maombi matatu. Kwanza, kwetu wanafunzi. Kabla ya harambee kuitwa na shangazi kuuza mbuzi wake, tuende tukakione chuo chenyewe kwa macho. Tusiishie getini. Tuulize: maktaba ina viti vingapi na wanafunzi ni wangapi? Inafungwa saa ngapi? Maabara inatumika, au imefungwa kwa kufuli hadi wakaguzi waje? Ukiambiwa "ngoja, inajengwa", nawe ngoja na karo yako.

Pili, kwa Tume. Ukaguzi usiishe siku ya kutoa hati. Chuo kinachofungua kampasi mjini kikaguliwe kama kile kilichoko kwenye makao makuu, na matokeo yabandikwe mahali ambapo hata mzazi wa Kawangware atayasoma.

Tatu, kwa majirani zetu, vyuo vilivyoizunguka mitaa hii. Maktaba zenu zina viti vitupu Jumamosi alasiri na wakati wa likizo. Tufungulieni sisi wa kidato cha nne, hata kwa saa chache, hata kwa barua ya mwalimu mkuu. Hatuombi chakula wala karo. Tunaomba meza na taa. Mtakaowafungulia leo ndio mtakaowapokea kesho, wakiwa wamezoea kusoma.

Wanachama wenzangu wa Kiswahili, bango litaendelea kucheka pale barabarani. Tusilichekee bure. Tuulize kwanza: maktaba iko wapi?