Ukifa Kesho, Nani Ana Ufunguo wa Kanisa?

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mchungaji, alinialika kuona kanisa alilolipanda pembezoni mwa mji wa Moshi. Baada ya shikamoo alinitembeza: banda la mabati, vipaza sauti vipya, kiwanja kilichozungushiwa ua. Nikamuuliza, "Mchungaji, ukifa kesho, nani ana ufunguo?" Akacheka. "Mwalimu, hayo tumwachie Mungu." Hati ya kiwanja ina jina lake. Akaunti ya benki wanatia saini yeye na mkewe. Wazee wa kanisa hajawachagua bado, na huu ni mwaka wa sita.

Sina shaka na wito wa kijana huyu. Ninachokipinga ni dhana iliyoenea nchini kwamba kupanda kanisa ni kukusanya watu kumzunguka mtu mmoja. Kanisa la namna hiyo halijapandwa, limeegeshwa tu. Na sisi tuishio chini ya Mlima Kilimanjaro hatuna kisingizio cha kutolijua hilo, kwa kuwa historia yetu imekwisha kutufundisha.

Panda kutoka mjini hadi Kidia, Moshi ya Kale. Huko ndiko alikofanyia kazi Bruno Gutmann, mchungaji wa Misioni ya Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902. Gutmann alijifunza Kichaga, akaketi na wazee, akaandika sheria na desturi za Wachaga katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1926. Usharika wake aliujenga juu ya mambo aliyoyakuta: ukoo, ujirani na rika. Vijana waliopata kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo ili kila mmoja awe na wenzake wa kumwonya na kumsaidia. Wazee walishika mitaa yao. Muumini alikuwa na watu wa kumuuliza hali yake hata kama mchungaji hakumwona kwa mwezi mzima.

Mtihani ulikuja mwaka 1920, pale Waingereza walipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, naye Gutmann akiwamo. Ukiacha wachache sana waliobaki, mlima mzima ulikosa wachungaji. Je, makanisa yalifungwa? Hapana. Walimu wenyeji, wasio na daraja la uchungaji wala majoho, waliendelea kufundisha, kuzika na kuwakusanya watu siku ya Bwana. Gutmann aliporudi mwaka 1925 alikuta usharika uko hai.

Nisieleweke kwamba namtukuza mmisionari. Gutmann aliupenda Uchaga wa zamani kiasi cha kuuogopa mji na usomi wa kisasa, na katika hilo aliwapunguzia watu uhuru wa kujichagulia njia. Tena wamisionari walianza kazi Machame mwaka 1893, lakini wachungaji wa kwanza wenyeji wa Kaskazini walibarikiwa mwaka 1934. Miaka 41! Waliobeba kanisa mabegani wakati wa dhiki walisubiri muda mrefu mno kuaminiwa rasmi. Mzaliwa wa Kotela, Stefano Moshi, alikuja kuwa mkuu wa kwanza wa KKKT mwaka 1963, na matunda hayo yalitokana na wale walimu kama yalivyotokana na Leipzig.

Sasa tushuke tena mjini. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa, watoto wakiwamo, katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako kwenye mkutano ulioongozwa na Mtume Boniface Mwamposa. Suala la nani alaumiwe kisheria si langu kuamua. Mimi natazama ule umati. Maelfu walifika pale kila mtu na shida yake: ugonjwa, deni, ndoa, ajira. Walijuana na jukwaa, hawakujuana wao kwa wao. Mtu aliyeanguka karibu yako hakuwa wa mtaa wako wala wa rika lako. Alikuwa kizuizi kati yako na mafuta.

Nitaambiwa kwamba makanisa makongwe nayo yana madoa. Ni kweli. Mgogoro wa Meru mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliwagawa ndugu na kuteketeza nyumba, ndani ya kanisa lenye katiba, sinodi na maaskofu. Nitaambiwa pia kwamba watu wamekimbilia huduma mpya kwa sababu kwenye makanisa ya zamani hakuna anayewasikiliza. Hilo nalo ni kweli, na wachungaji wa huko walitafakari badala ya kubeza. Lakini penye katiba pana mahali pa kugombania haki. Penye mtu mmoja, anayehoji huambiwa ana pepo.

Kwa hiyo nawaomba waumini, si Serikali, waulize mambo matatu kabla ya kutoa sadaka ya ujenzi: kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, nani anakagua hesabu, na nani ana mamlaka ya kumwonya mchungaji. Msajili wa Jumuiya hupokea katiba za makanisa. Ni muumini ndiye awezaye kujua kama katiba hiyo inafuatwa au imefungiwa kabatini.

Mwanafunzi wangu alinipigia simu mwezi uliopita. Anataka nimsaidie kuandika utaratibu wa kuchagua wazee. Nimekubali, kwa sharti moja: jina la kwanza la kuondolewa kwenye ile hati ya kiwanja liwe lake.