Waliochelewa Kusikia

Iko furaha moja ijulikanayo sana na wapenzi wa jazi, nayo ni furaha ya kuchelewa. Mtu amekusanya sahani za santuri kwa miaka mingi, ameyajua majina ya Armstrong, Ellington na Parker kama ayajuavyo majina ya shangazi zake, kisha siku moja aangukia sahani iliyokuwapo tangu zamani na ambayo hakuna aliyepata kumtajia. Huisikiliza mara tatu usiku mmoja. Asubuhi huwaita rafiki zake na kuwatangazia kuwa ameokota kito kilichopotea. Furaha hiyo si dhambi. Dhambi imo katika neno lile "kilichopotea," maana neno hilo huitia sahani hatiani kwa kosa la msikilizaji.

Ziko kazi zilizopotea kweli. Tarehe 29 Novemba 1957 Thelonious Monk na John Coltrane walipiga pamoja katika Carnegie Hall mjini New York. Sauti zao zilinaswa katika utepe na redio ya Sauti ya Amerika, utepe ukafika katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ukalala humo kimya mpaka mwaka 2005 mtumishi wa maktaba alipoukuta miongoni mwa tepe nyingine. Hapo lawama si ya mtu yeyote mwenye masikio. Walakini Herbie Nichols hakupotea. Mwaka 1955 na 1956 alitia tungo zake za piano katika sahani za Blue Note, nazo zikauzwa madukani kwa kila mwenye dola chache mfukoni. Wachache walinunua. Nichols akafa mwaka 1963, umri wake miaka 44, baada ya kutafuta riziki kwa kupiga muziki wa mtindo wa kale ambao haukuwa wake. Kazi zake zilipokusanywa pamoja mwaka 1987, walitokea watu wengi waliojisifu kwa kugundua. Hawakugundua kitu, waliacha tu kukataa.

Mambo hayo yangekuwa habari za mbali, za kuwashughulisha Wamarekani peke yao, kama isingalikuwapo sahani moja ambayo wasemaji wa Kiswahili walipaswa kuisikia kabla ya watu wote wa dunia, na ambayo wameisikia, wale walioisikia, kwa kuchelewa kuliko wote. Jina lake ni Uhuru Afrika.

Iliimbwa na kupigwa mjini New York katikati ya mwezi wa Novemba, mwaka 1960. Mtunzi wake, Randy Weston, alikuwa mpiga piano wa Brooklyn, mtu mrefu mno, mwenye umri wa miaka 34. Aliyezipanga sauti za ala alikuwa Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, ambaye peke yake angestahili makala nzima. Maneno yalitungwa na Langston Hughes. Miongoni mwa wapigaji walikuwamo Clark Terry na Freddie Hubbard wenye tarumbeta, Yusef Lateef, Gigi Gryce, Kenny Burrell na Ron Carter. Na kwenye ngoma walikaa Max Roach, Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido na Armando Peraza wa Kuba. Mwaka ule mataifa 17 ya Afrika yalikuwa yakijipatia bendera zao. Tanganyika haikuwa miongoni mwao. Ilibakiwa na miezi kumi na mitatu ya kungoja.

Sahani yafunguliwa kwa shairi la Hughes likisomwa kwa Kiswahili. Sauti ni ya Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika. Sehemu ya kwanza yaitwa Uhuru Kwanza. Ya pili ni wimbo wa kumtukuza mwanamke wa Kiafrika, ulioimbwa na Martha Flowers na Brock Peters. Ya tatu Bantu. Ya nne Kucheza Blues. Weston alieleza baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2010, kuwa alitaka lugha ya Afrika isikiwe mwanzoni mwa kazi yake, na kwamba aliulizia kwa watu wa Umoja wa Mataifa lugha ya kufaa. Akajibiwa: Kiswahili.

Basi msomaji apime uzito wa jambo hili. Mshairi mkubwa wa watu weusi wa Marekani aliandika shairi; shairi likageuzwa Kiswahili; likasomwa kwa sauti ya mwana wa Tanganyika, likachapwa katika sahani na kuuzwa duniani. Yote hayo yalitendeka kabla ya mwaka 1963, mwaka ambao Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar. Tafsiri ya Nyerere yastahili heshima yote iliyopewa. Wanafunzi wameipima neno kwa neno, wameijadili mizani yake, wameuliza kwa nini rais wa nchi changa alikesha na Shakespeare. Maswali hayo ni mema. Lakini mwanafunzi aweza kumaliza shahada yake ya fasihi ya Kiswahili, akatunukiwa joho na kofia, asiwe amesikia hata mara moja kuwa Langston Hughes naye alisomwa kwa Kiswahili, na tena mapema zaidi. Nani aliyeamua kuwa Mwingereza wa karne ya 16 yu karibu zaidi na fasihi hii kuliko mjukuu wa watumwa aliyeandika kwa ajili ya uhuru wa Afrika?

Jibu litolewalo upesi ni kuwa santuri si kitabu. Jibu hilo halisimami hata kwa mguu mmoja. Siti binti Saad hakuandika kitabu. Alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu ambao hakuna mtaala uliothubutu kuuacha. Tenzi zilighaniwa kabla ya kuchapwa. Taarabu imeandikiwa tasnifu nzito kuliko vinanda vyake. Wanazuoni wamekwisha kukubali, tena zamani, kuwa fasihi ya Kiswahili hukaa katika koo la mtu na katika utepe kama ikaavyo katika karatasi. Kwa nini kanuni hiyo ikafika New York ikafa?

Jibu la pili halisemwi waziwazi, lakini husikika katika vicheko. Ni kwamba Kiswahili cha wanamuziki wale ni cha kuazima, cha pambo, cha jina juu ya jalada. Hapo pana ukweli kidogo, na ni haki ukubaliwe. Mwaka 1958 Wilbur Harden na Coltrane walipiga Tanganyika Strut, na ndani yake Tanganyika ni jina tu. Mwaka 1970 na miaka iliyofuata, Herbie Hancock na wenziwe walijipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Julian Priester Pepo Mtoto, Bennie Maupin Mwile. Msomaji wa Tanga au Lamu atatabasamu. Mwenye kushika gitaa au besi kwa Kiswahili hapigiwi mfano wa mchezaji. Yeye ni mpigaji, maana ala hupigwa, na anayecheza ni yule aliye uwanjani na miguu yake. "Mchezaji" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. "Mwile" laelekea kuwa "mwili" uliopotea njia. Lakini Eddie Henderson, mpiga tarumbeta wa kundi lile, aliitwa Mganga. Naye alikuwa daktari wa kweli, aliyesomea utabibu chuoni. Jina hilo hata mzee wa Pangani asingeweza kulirekebisha.

Kucheka ni rahisi, na kusoma ni kazi. Kiswahili cha Lubumbashi kilichekwa miaka mingi, leo chaandikiwa vitabu. Lugha ya vijana wa Nairobi iliitwa uharibifu, leo ina maprofesa wake. Kila mahali lugha hii ilipokwenda, ilibadilishwa na waliyoipokea, na wanazuoni wakiisha kucheka walichukua kalamu. Ni mahali pamoja tu ambapo kicheko kimekuwa mwisho wa utafiti. Na kuhusu Uhuru Afrika kicheko hakina hata pa kushika. Kucheza Blues ni jina sahihi kabisa, kwa kuwa sehemu ile ni ya kuchezwa, si ya kusikilizwa kwa mikono kukunjwa. Na msomaji wa shairi alikuwa msemaji wa lugha, si mwazimaji.

Tena kuna neno Bantu. Katika madarasa ya isimu neno hilo ni kavu kama mfupa: Wilhelm Bleek alilitia katika vitabu vya elimu katika karne ya 19 ili kuzipanga lugha katika makabati. Afrika ya Kusini wakati ule ule wa Weston lilikuwa neno la mtawala, la kumtengea mtu mweusi shule yake, mtaa wake na pasi yake. Weston alilichukua neno hilo akalirudisha kwenye maana yake ya kwanza, yaani watu, kisha akaweka chini yake ngoma za Nigeria, za Kuba na za Marekani zikisemezana mpaka kubagua ipi ni ya wapi kukawa hakuna faida. Ni maelezo ya neno hilo yaliyo bora kuliko mengi yaliyochapwa.

Iko hoja nzito zaidi, na haifai kuikwepa. Katika Marekani kwenyewe walikuwapo watu weusi waliouliza: kwa nini Kiswahili? Wazee wao walichukuliwa zaidi kutoka magharibi na katikati ya Afrika, si kutoka mwambao wa Kilwa. Na mwambao ule ulikuwa na masoko yake ya watumwa, ambamo bei ilitajwa kwa Kiswahili. Swali hilo lauma, na limestahili kuuma. Mwanazuoni wa mwambao anayelijibu kwa kukasirika hajalijibu. Lakini Kiswahili hakikusemwa na mwenye mnyororo tu. Aliyefungwa naye alikisema, na mpagazi, na mjakazi wa Unguja, na ndio waliokifikisha bara mbali kuliko wenye majahazi. Weston hakutafuta lugha ya damu yake. Alitafuta lugha ambayo kabila moja halikuweza kuidai peke yake, mwaka ambao umoja wa Afrika ulidhaniwa kuwa jambo la miaka michache. Huenda dhana ile ilikuwa kubwa kuliko ukweli. Lakini ni dhana ile ile iliyoshikwa Dar es Salaam, na huko haiitwi pambo.

Na jambo la kushangaza kuliko yote ni hili. Wakati wanazuoni hawakusikia, mtu mmoja alisikia. Mwaka 1964 serikali ya Afrika ya Kusini ilipiga marufuku sahani ya Uhuru Afrika. Karani wa udhibiti wa makaburu, ambaye huenda hakuwa na neno moja la Kiswahili zaidi ya lile lililoandikwa juu ya jalada, alifahamu kuwa pale pana maneno yenye nguvu ya kuhofiwa. Alikuwa msomaji mwovu, lakini alikuwa msomaji. Ni aibu ya pekee kwa elimu kuwa mhakiki wa kwanza wa Kiafrika wa shairi la Kiswahili la Hughes awe ni adui yake.

Kisingizio cha uhaba nacho kimezeeka. Zamani mtu wa Dar es Salaam au Nairobi aliweza kusema kwa haki kuwa sahani za New York hazimfikii. Bendi za mji wake zilijiita jazi, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, ilhali zikipiga rumba na dansi, kwa kuwa jina lilivuka bahari kabla ya muziki wenyewe. Basi Waafrika waliazima neno jazi bila jazi, na wanajazi wakaazima neno uhuru kabla Tanganyika haijaupata. Hakuna aliyemdai mwenziwe riba. Lakini sahani ile imetolewa upya zaidi ya mara moja, ikiwamo katika mkusanyo wa mwaka 2003, na leo mwanafunzi aipata katika simu yake kwa muda mfupi kuliko wa kutafuta kitabu rafuni. Anayeipata sasa na kushangilia "kito kilichopotea" afadhali anyamaze kidogo, kisha aandike maneno ya shairi lile kwa hati, apime mizani yake, aulize lipi limeongezwa na lipi limeachwa katika kuvuka kutoka Kiingereza. Hiyo ni kazi ya juma moja, na ina thamani kuliko makala kumi za kusifu jalada.

Maswali mengine yamekwisha kukosa wa kuyajibu. Langston Hughes alifariki mwaka 1967. Melba Liston, aliyeamua ala ipi inyamaze wakati Kiswahili kikisomwa na ala ipi iseme, alifariki mwaka 1999. Randy Weston aliishi miaka 92, akazunguka dunia na piano yake, akakaa Moroko miaka kadhaa, akapokea wageni na kuwahadithia. Alifariki Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018. Tangu siku sauti ya Sanga ilipotiwa katika sahani hadi siku ile, ilikuwa imepita miaka karibu 58 ambamo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili angaliweza kumwandikia barua.