Je, Watoto Wenu Wana Diploma?



Mwezi huu hatuandiki juu ya ugonjwa. Tunaandika juu ya maji, na tutaanzia mbali, nchi ya Uholanzi, kwa sababu huko ndiko tulikoulizwa swali ambalo wazazi wa parokia zetu za kandokando ya ziwa hawajazoea kuulizwa.

Julai 2022 tulialikwa, baba, mama na watoto wawili wa miaka 12 na 9, na daktari mzee aliyewahi kufanya kazi katika hospitali yetu ya misheni. Kwa miaka mingi hospitali za misheni nchini Tanzania zilipata madaktari, masista na wauguzi kutoka Uholanzi. Wengi wao wamestaafu na kurudi kwao, lakini bado wanatembeleana kama watu wa ukoo mmoja. Mzee wetu (watoto walimwita Babu Daktari, naye akafurahi sana) alipanga kutuzungusha kwa rafiki hao kwa majuma mawili, yeye na mkewe na sisi, ndani ya gari lake lenye vitanda, jiko, sinki na choo kidogo. Kwao huitwa kampa. Watoto walilala hemani kando yake.

Kwa wageni na wenyeji, mtindo huo una nafuu yake. Mgeni anafika na kitanda chake na sufuria yake, na mwenye nyumba hahangaiki kutandika magodoro sebuleni. Mnakaa pamoja mezani mpaka usiku, na usiku wenyewe huchelewa kufika, maana mwezi wa Julai jua la huko huzama karibu saa 4. Lakini hulali popote unapotaka. Zipo kambi maalumu zenye maji safi, vyoo, umeme, na mahali pa kumwaga uchafu wa choo cha gari. Mvua ilipotukuta tukichoma nyama, Babu Daktari alikataa kabisa jiko la mkaa lisogezwe ndani ya gari au hema, hata kama makaa yanaelekea kuzimika. Hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, nayo huua waliolala. Wanaoingiza jiko chumbani wakati wa baridi huku kwetu wamelisikia hilo.

Rafiki wa pili tuliyemtembelea anakaa Flevoland. Ramani ya zamani inaonyesha bahari mahali pale. Waholanzi walijenga matuta makubwa, wakavuta maji kwa pampu, na mwaka 1957 sehemu ya mashariki ya eneo hilo ikawa kavu. Leo kuna miji, mashamba ya viazi na makanisa, yote yakiwa chini ya usawa wa bahari. Karibu robo ya nchi yao iko hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja matuta ya kusini-magharibi, hasa jimbo la Zeeland, wakafa watu 1,836. Wazee tuliokutana nao wanausimulia usiku ule kwa sauti ya chini, kama watu wa Mwanza na Bukoba wanavyosimulia MV Bukoba ya mwaka 1996.

Siku ya tarehe 19 joto lilikuwa kali mno. Mjini Maastricht lilipimwa nyuzi 39.5. Sote tukateremka kwenye ziwa karibu na kambi. Hapo mwenyeji wetu, mkunga mstaafu anayekumbuka Kiswahili chake vizuri, akatuuliza: “Mama, watoto wenu wana diploma?” Tukacheka. Diploma nyumbani mwetu ni moja tu, ya uuguzi, nayo ilipatikana kwa jasho. Mtoto wa miaka 9 anaipata wapi?

Kumbe aliuliza juu ya kuogelea. Huko mtoto huanza kujifunza akiwa na miaka 4 au 5, naye hupewa diploma A, kisha B, kisha C. Tulichokipenda ni namna ya mtihani wenyewe. Mtoto huingia majini akiwa amevaa nguo zake na viatu. Lazima akae juu ya maji bila kugusa chini, aogelee kwa tumbo na kwa mgongo, na katika sehemu nyingine ya mtihani apite chini ya maji katika tundu la turubai. Sababu ni rahisi. Anayeteleza mferejini hakupata nafasi ya kubadili nguo. Mjukuu wa mkunga yule, binti wa miaka 6, alituonyesha cheti chake kwa majivuno kuliko askofu na fimbo yake (Baba Askofu atusamehe).

Basi watoto wetu, wazaliwa wa pwani ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, walivalishwa maboya ya mikononi, wakakaa kwenye maji ya magotini pamoja na watoto wachanga. Kijana wa miaka 12 hakupendezwa. Mwenyeji wetu hakulegeza. Alieleza kwamba hata Uholanzi watu huzama kila kiangazi, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wale waliohamia kutoka nchi ambako watoto hawafundishwi kuogelea. Maana yake ni watu kama sisi.

Sasa turudi kwetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi maskini na za kipato cha kati. Wanaokufa zaidi ni watoto wadogo. Hapa nyumbani tunaisikia habari chombo kikubwa kinapozama, kama MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ambako walikufa zaidi ya watu 220. Mtoto mmoja aliyetumwa maji na ndoo hatangazwi redioni. Huzikwa kesho yake, na majirani husema ziwa limechukua wake.

Sisi wauguzi hatukubali maneno hayo. Ziwa halina wake. Mtoto huyo hakufundishwa. Tunamwambia “usiende ziwani”, halafu jioni tunamtuma huko kuchota maji, kufua, kunywesha ng'ombe. Wavulana hujifunza kwa kuiba, wakifundishana wenyewe kwa wenyewe. Wasichana, ambao ndio huchota maji kila siku, hawajifunzi kabisa.

Tunajua mtakachojibu, na jibu la kwanza ni kichocho. Kweli, maji ya ziwa yana kichocho, nacho kisipotibiwa huharibu ini. Hatutaki mtu alipuuze. Lakini mtoto anayechota maji akiwa amesimama mpaka kiunoni tayari amekwisha kuyagusa. Kichocho kina dawa, vidonge vya prazikwanteli, ambavyo hugawiwa pia katika shule za wilaya zenye ugonjwa huo. Aliyezama hana kidonge. Penye mamba, jambo ni jingine. Hapo hatufundishi mtu, wala hatumtumi mtoto kuchota.

Wengine watasema si heshima wasichana kuogelea. Huko Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa wakiwa wamevaa nguo zilizofunika mwili wote. Na kama diploma ya Waholanzi inatolewa kwa aliyevaa nguo na viatu, hoja ya heshima inabaki na nguvu gani?

Tena watasema hatuna mabwawa ya kuogelea. Nchini Bangladesh, ambako watoto wengi hufa maji, watu wamezungushia wigo wa mianzi sehemu ndogo ya bwawa la kijiji, wakaweka jukwaa chini ili kina kijulikane, na kuwafundishia watoto humo. Huko huko wamefungua nyumba za kulelea watoto wadogo saa za asubuhi, mama zao wakiwa kazini, maana mtoto wa miaka 2 hafundishiki, huyo analindwa tu. Hivi vyote vinaweza kufanyika parokiani. WAWATA wa kila jumuiya wanaweza kupeana zamu ya kuwaangalia wadogo msimu wa kulima. Wavuvi wetu wanaoogelea vizuri wanaweza kuwafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, kikundi kidogo kidogo, mahali palipopimwa kina, pasipo mamba, mtu mzima akiwa anahesabu vichwa. Halmashauri za parokia zinazopanga semina za kila namna zinaweza kulijadili hili kwa jioni moja. Tarehe 25 Julai, ambayo tangu mwaka 2021 ni siku ya dunia ya kuzuia watu kufa maji, inafaa sana kwa kuanza.

Kwenye ufuko ule wa Flevoland kulikuwa na nguzo yenye boya la duara na kamba, na hakuna aliyeliiba. Sisi tufunge dumu tupu la lita 20, kifuniko kikiwa kimekazwa, kwenye kamba ndefu pale kinamama wanapofulia. Anayezama atupiwe dumu. Usimrukie kama hukufundishwa kuokoa. Atakukumbatia mzame wote wawili.

Akitolewa majini, msimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo ili atapike maji. Hayo hupoteza dakika na huweza kupeleka matapishi mapafuni. Kama hapumui, mlazeni chali, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni pumzi tano mdomoni mpaka mwone kifua kinainuka. Asipoamka, kandamizeni katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kisha pumzi mbili, tena 30, tena mbili, bila kuacha, mwingine akitafuta usafiri. Na hata akizinduka, akalia na kuomba uji, mleteni hospitali siku hiyo hiyo, maana mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kumbana saa kadhaa baadaye, usiku, watu wote wamelala.